Wadai na kesi ya kufilisika Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu binafsi anayeishi Marekani na kufungua kesi ya kufilisika chini ya Chapter 7 au Chapter 13. Sheria yenyewe ni ya shirikisho, kwa hiyo ni moja nchi nzima. Kinachotofautiana kati ya jimbo na jimbo ni mali unazoruhusiwa kubaki nazo. Viwango vya dola vinavyopanda kila baada ya miaka 3 tumevitaja kama vilivyo tangu tarehe 1 Aprili 2025.

Tuseme mapema: kesi nyingi haziharibiwi na mdai mkali. Zinaharibiwa na mdai aliyeachwa nje ya orodha, au ndugu aliyelipwa kimyakimya. Ndiyo maana maswali ya ndugu, upatu na kiwanja cha nyumbani yamepewa nafasi kubwa hapa.

Kwa wadai, Chapter 7 na Chapter 13 zinatofautianaje?

Katika Chapter 7 msimamizi wa kesi huangalia kama una mali isiyolindwa na sheria. Ikiwepo, anaiuza na kuwagawia wadai. Isipokuwepo, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi, wadai wasio na dhamana hawapati kitu, na madeni hufutwa miezi michache baadaye. Ada ya mahakama ni dola 338. Ukishindwa kuilipa kwa mkupuo, unaweza kuomba kuilipa kwa awamu nne ndani ya siku 120, au kusamehewa kabisa kama kipato chako ni chini ya asilimia 150 ya kiwango cha umaskini.

Katika Chapter 13 unalipa kila mwezi kwa msimamizi kwa miaka 3 hadi 5, naye ndiye anayewalipa wadai. Ada ni dola 313, na malipo ya kwanza ya mpango yanatakiwa ndani ya siku 30 tangu kufungua kesi, hata kama hakimu bado hajaupitisha. Njia hii huwafaa wenye nyumba iliyo hatarini kupigwa mnada, wenye malimbikizo ya gari, au wenye kipato kinachowazuia kuingia Chapter 7.

Kwa njia zote mbili lazima umalize somo la ushauri wa mikopo ndani ya siku 180 kabla ya kufungua, kwa shirika lililoidhinishwa. Ukifungua bila cheti hicho, kesi hutupwa.

Simu na barua zinakoma lini hasa?

Pale karani wa mahakama anapopokea maombi na kuyapa namba. Kifungu cha 362 cha sheria ya kufilisika kinaweka zuio papo hapo, bila hakimu kusaini chochote. Mdai haruhusiwi tena kupiga simu, kutuma barua za kudai, kufungua au kuendeleza kesi ya madai, kukata mshahara, kuja kuchukua gari wala kuuza nyumba. Kumwambia mdai kwamba unapanga kufungua kesi hakuzuii lolote. Kunaweza hata kumharakisha.

Lakini zuio kuwepo ni jambo moja, na mdai kulijua ni jingine. Mahakama hutuma taarifa kwa kila aliye kwenye orodha yako, na kwa posta huchukua siku kadhaa. Ndani ya kampuni kubwa barua hiyo hupita idara mbili tatu kabla ya kumfikia mpigaji simu. Simu chache katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Kama kuna la haraka, kwa mfano mnada wa Jumatano au mshahara wa Ijumaa, usisubiri posta. Siku hiyohiyo tuma nakala ya ukurasa wa kwanza wa maombi, wenye mhuri na namba ya kesi, kwa faksi au barua pepe. Itume kwa wakili wa mdai, kwa ofisi ya sherifu na kwa idara ya mishahara kazini kwako.

Angalizo kwa aliyewahi kufungua kesi: kama kesi yako nyingine ilitupwa ndani ya mwaka mmoja uliopita, zuio la safari hii hudumu siku 30 tu, isipokuwa uombe liongezwe na ombi lisikilizwe kabla siku hizo hazijaisha. Kama zilitupwa mbili ndani ya mwaka, hakuna zuio kabisa mpaka uliombe na upewe.

Sijafungua bado, na kampuni ya kukusanya madeni inapiga kila siku. Nifanyeje?

Ukishaajiri wakili, ipe kampuni hiyo jina lake na namba yake ya simu. Chini ya sheria ya shirikisho ya ukusanyaji wa madeni, mkusanyaji anayejua kwamba una wakili anapaswa kuzungumza na wakili huyo, si wewe. Sheria hiyo haimbani mkopeshaji mwenyewe kwa namna hiyo, kwa hiyo benki iliyokupa kadi inaweza kuendelea kupiga mpaka siku ya kufungua kesi.

Kitu cha kuepuka katika kipindi hiki ni malipo ya "nia njema". Dola 50 huku na dola 80 kule hazizuii kesi ya mahakamani, na zingelipia ada ya kufungua.

Mdai akipiga baada ya kufungua, nimwambie nini?

Mpe mambo manne tu: namba ya kesi, tarehe ya kufungua, jina la mahakama na jina la wakili wako kama unaye. Mfano: "Nimefungua kesi ya kufilisika, Chapter 7, tarehe 3 Machi, Western District of Kentucky, namba ni hii, tafadhali iandike." Kisha maliza simu. Usibishane kuhusu kiasi, usiahidi kitu, na usitoe namba ya akaunti ya benki.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, namba iliyopiga, jina la mpigaji na alichosema. Mdai anayeendelea kwa makusudi huku akijua kuna kesi anaweza kuamriwa akulipe fidia pamoja na gharama za wakili. Kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wako wa kwamba alijua.

Niorodheshe wadai gani?

Wote, bila kujali kama unakubali deni, kama limezeeka, au kama mdai ni mtu wa nyumbani.

Anza na ripoti za mikopo za Equifax, Experian na TransUnion, ambazo unazipata bure kupitia annualcreditreport.com. Usiishie hapo, kwa sababu ripoti hizo haziwajui wadai wengi wa maisha yetu ya kila siku. Pekua barua za hospitali na gari la wagonjwa (mara nyingi hayo ni madeni mawili tofauti, na daktari wa dharura ana bili yake ya tatu). Tazama mwenye nyumba wa zamani, mkopo wa siku ya mshahara uliochukua kwenye simu, kodi ya mapato, faini za barabarani, na kesi zilizofunguliwa dhidi yako katika mahakama ya kaunti. Wakimbizi wengi bado wana mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), unaokusanywa na shirika lililowapokea. Nalo ni deni, liandike.

Halafu kuna wadai ambao watu huwasahau kwa sababu hawana barua wala riba:

Kaka, shemeji au rafiki aliyekukopesha, hata kama mlimaliza kwa mdomo. Awe Louisville, Nairobi au Bukavu, anaandikwa.

Wanachama wa upatu au chama. Kama ulishapokea zamu yako na bado unatakiwa kuchangia, unadaiwa na wenzako, nao wanaingia kwenye orodha ya wadai. Kama umechangia na zamu yako haijafika, hapo wewe ndiye unayewadai, na haki hiyo inaandikwa kama mali yako kwenye Fomu 106A/B.

Mtu aliyekuwekea saini kama mdhamini, au uliyemwekea wewe. Huyo anaandikwa kwenye Fomu 106H, pamoja na deni lenyewe.

Madeni yenye dhamana, kama gari na nyumba, huenda Fomu 106D. Mengine yote huenda 106E/F. Deni unalolipinga lina kisanduku chake cha kuonyesha kwamba linabishaniwa. Kuliorodhesha si kulikubali.

Anwani ya mdai ipi ndiyo sahihi?

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Anwani ya sanduku la posta la kupokelea malipo si lazima iwe anwani ya mawasiliano. Tafuta kwenye barua, mara nyingi nyuma ya karatasi kwa maandishi madogo, sehemu inayoeleza wapi pa kutuma maswali au barua za kufilisika. Kama ndani ya siku 90 kabla ya kufungua mdai alikutumia barua angalau mbili zenye namba ya akaunti na anwani anayotaka kuandikiwa, taarifa inatakiwa kwenda kwenye anwani hiyo.

Deni likishauzwa au kupelekwa kwa mkusanyaji, andika wote: mkopeshaji wa awali, kampuni iliyonayo sasa, na wakili aliyekushtaki. Kiasi cha deni kiandike kwa mmoja tu. Wengine waweke kwa ajili ya kupata taarifa, la sivyo deni la dola 2,000 litaonekana kuwa dola 6,000.

Naweza kumwacha nje mdai mmoja? Kadi moja nataka kubaki nayo.

Hapana. Unasaini fomu hizo chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na kwenye mkutano wa wadai utaulizwa kwa sauti kama umeorodhesha wadai wote. Kadi yenye salio sifuri siku ya kufungua si deni, kwa hiyo si lazima iingie, ila benki nyingi hufunga kadi zote zikishaona kesi. Daktari wako wa familia unaweza kumlipa kwa hiari baada ya deni kufutwa. Sheria haikukatazi kulipa kwa kupenda, inachokataza ni kuficha.

Nilikopa dola 3,000 kwa kaka yangu. Si bora nimlipe kwanza, ndipo nifungue?

Usifanye hivyo. Ndugu huhesabiwa kuwa mtu wa ndani, na malipo yoyote ya deni aliyopokea ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua huchunguzwa. Ukimlipa dola 2,000 mwezi Mei na kufungua kesi Agosti, msimamizi anaweza kumwandikia kaka yako barua ya kutaka fedha hizo, na akikataa anaweza kumshtaki. Ulitaka kumwondoa kwenye matatizo yako, kumbe umemwingiza mahakamani. Kwa wadai wa kawaida kipindi kinachotazamwa ni siku 90, na kwa madeni ya matumizi ya nyumbani, jumla iliyo chini ya dola 600 kwa mdai mmoja hairudishwi.

Kama umeshamlipa, usijaribu kuficha na usimwombe arudishe bila kumuuliza wakili. Yaandike malipo kwenye Fomu 107, ile ya maelezo ya mambo yako ya fedha. Wakati mwingine dawa ni kusubiri mwaka upite, kama hali inaruhusu. Kumlipa baada ya deni kufutwa, kwa hiari na kwa kipato kipya, hakuna tatizo.

Fedha ninazomtumia mama kila mwezi zinahusiana nini na wadai?

Fomu 107 inauliza zawadi zote ulizotoa ndani ya miaka 2 kabla ya kufungua, ikiwa jumla kwa mtu mmoja inazidi dola 600. Dola 100 kwa mwezi kwa mama zinavuka kiwango hicho ndani ya miezi saba. Msimamizi akipokea taarifa za benki zilizojaa miamala ya kutuma fedha, huku fomu ikisema hakuna zawadi, ndipo maswali yanapoanza.

Kutuma fedha za chakula na dawa kwa kiwango cha kawaida hakuharibu kesi peke yake. Kinachotia shaka ni kiasi kikubwa kilichotoka ghafla, mathalani dola 5,000 kwa mjomba mwezi mmoja kabla ya kufungua. Chapisha historia ya miamala kutoka programu uliyotumia, jumlisha kwa kila mtu, kisha ijaze fomu. Sadaka na michango ya kanisani au msikitini ina swali lake, nayo ina kiwango hichohicho cha dola 600.

Nina kiwanja Kigamboni. Wadai wa Marekani wanakihusuje?

Mali ya mufilisi ni mali popote ilipo. Kiwanja, shamba, sehemu yako ya nyumba ya familia, pikipiki inayofanya biashara nyumbani, salio la M-Pesa na akaunti ya benki ya Dar es Salaam au Kampala, vyote vinaandikwa. Kama hati ina jina la baba, eleza hivyo. Kama ulitoa fedha za ujenzi lakini hati ni ya dada, eleza hivyo pia, kwa sababu mwenye mali hajulikani kwa hati peke yake.

Kuandika hakumaanishi kitauzwa. Msimamizi hupima kama inalipa kuuza kitu kidogo kilicho mbali. Lakini mali iliyofichwa ikigundulika, kwa talaka, ugomvi wa ndugu au picha ya mtandaoni, unaweza kunyimwa kufutiwa madeni yote, na kuficha kwa makusudi ni jinai yenye kifungo hadi miaka 5. Kufilisika kwenyewe si kosa la jinai. Kudanganya chini ya kiapo ni kosa, na kwa asiye raia hatia ya udanganyifu ina uzito wake uhamiaji.

Jambo la kukumbuka: mzazi akifariki ndani ya siku 180 baada ya kufungua, urithi unaostahili kupata unaingia kwenye kesi. Mjulishe wakili au msimamizi.

Benki ninayodaiwa ndiyo inayopokea mshahara wangu.

Fungua akaunti kwingine, mahali usipodaiwa senti, na uhamishe mshahara kabla ya kufungua kesi. Benki unayodaiwa inaweza kushikilia kwa muda fedha zilizomo kwenye akaunti yako huku ikiomba ruhusa ya kuzikata. Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jambo hilo mwaka 1995. Vyama vya akiba na mikopo vina mtego mwingine: soma mkataba wa gari, kwa sababu mara nyingi gari huwa dhamana ya kadi ya chama hichohicho pia. Mtu hudhani amebakiza deni la gari tu.

Futa pia idhini za malipo ya moja kwa moja. Benki inataka taarifa siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Mkopo wa siku ya mshahara uliotolewa kwa hundi ya tarehe ya mbele ni hatari zaidi, maana kuwasilisha hundi benki ni mojawapo ya mambo ambayo zuio haliyakatazi. Isimamishe mwenyewe hundi hiyo benki kwako.

Mshahara wangu unakatwa. Utaacha lini, na zilizokatwa zitarudi?

Ukataji kwa madeni ya kawaida, ambao kwa sheria ya shirikisho hauzidi asilimia 25 ya mshahara baada ya makato ya lazima, unapaswa kusimama mara kesi inapofunguliwa. Idara ya mishahara haiachi kukata kwa neno lako. Inahitaji nakala ya taarifa, na mara nyingi barua ya kuachilia kutoka kwa wakili wa mdai. Zilizokatwa baada ya kufungua zinatakiwa kurudishwa. Zilizokatwa ndani ya siku 90 kabla ya kufungua, zikifika dola 600 au zaidi kwa mdai mmoja, mara nyingi zinaweza kudaiwa, mradi ziwe zinalindwa na sheria ya jimbo lako. Makato ya matunzo ya mtoto yanaendelea kama kawaida.

Nitabaki na gari?

Katika Chapter 7 unajaza Fomu 108 ndani ya siku 30, au kufikia siku ya mkutano wa wadai ukitangulia, ukieleza nia yako: kulirudisha, kulikomboa, au kuingia upya kwenye deni. Kulikomboa ni kulipa thamani ya gari ya sasa kwa mkupuo. Gari lenye thamani ya dola 6,000 na deni la dola 13,000 unalikomboa kwa dola 6,000, ukizipata.

Kuingia upya kwenye deni ndiko wakopeshaji wanakokupenda, na ndiko tunakokuogopa. Ukisaini, deni hilo halifutwi. Gari likiharibika mwaka ujao na kuchukuliwa, utadaiwa tofauti yote kana kwamba hukuwahi kufilisika. Saini tu kama gari lina thamani inayokaribia deni na awamu unaimudu. Usaini kabla ya amri ya kufuta madeni kutoka. Ukijuta, unaweza kujitoa kabla ya amri hiyo au ndani ya siku 60 tangu mkataba uwasilishwe mahakamani, ule muda ulio mrefu zaidi.

Katika Chapter 13, gari ulilonunua kwa mkopo zaidi ya siku 910 zilizopita kwa kawaida unaweza kulilipia thamani yake tu, na kilichozidi kikachanganywa na madeni yasiyo na dhamana.

Kama gari limeshachukuliwa, wakati ni adui. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2021 katika shauri la jiji la Chicago na Fulton, mkopeshaji kuendelea tu kulishikilia gari alilolichukua kabla ya kesi si lazima iwe kuvunja zuio. Kufungua siku moja kabla ya kuchukuliwa ni rahisi mno kuliko kulifuata yadi.

Mwenye nyumba na kampuni ya umeme je?

Kama mwenye nyumba alishapata hukumu ya kukutoa kabla hujafungua, zuio kwa kawaida halimzuii kuendelea, isipokuwa nafasi finyu ya kulipa kodi ya nyumba mahakamani pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Umeme, maji na gesi hawawezi kukukatia kwa sababu ya deni la nyuma, ila ndani ya siku 20 lazima uwape amana ya huduma ya mbele.

Kwenye mkutano wa wadai nitakutana nao wote?

Mara nyingi hutakutana na hata mmoja. Mkutano huu, uitwao wa 341 kwa namba ya kifungu chake cha sheria, hufanyika kati ya siku 21 na 40 baada ya kufungua Chapter 7, siku hizi kwa Zoom, na huendeshwa na msimamizi, si hakimu. Benki za kadi huwa hazitumi mtu. Wanaojitokeza ni mtalaka, mshirika wa biashara aliyekasirika au rafiki aliyekopesha. Wana haki ya kukuuliza kuhusu mali na fedha zako, si kukutukana.

Siku 7 kabla, msimamizi awe na taarifa yako ya mwisho ya kodi ya mapato. Risiti za mshahara za siku 60 kabla ya kufungua zinatakiwa pia, na siku yenyewe uonyeshe kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya Social Security. Maswali yanajulikana: Ulisoma fomu kabla ya kusaini? Zina mali zote na wadai wote? Kuna mtu anayekudai au kukushikia mali? Uliuza au kugawa kitu? Jibu fupi, na kama hukuelewa sema hukuelewa.

Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure kwa simu na ofisi ya U.S. Trustee, ofisi ya serikali inayosimamia kesi za kufilisika, ila omba mapema. Usimtegemee mtoto wako akutafsirie. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema hivyo wakati wa kuomba. "Ndiyo" iliyotolewa kwa adabu tu, bila kuelewa swali, ndiyo jibu ghali kuliko yote kwenye mkutano huu.

Mdai anaweza kuzuia deni lake lisifutwe?

Anaweza kujaribu. Kwa deni la udanganyifu ana siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano kufungua shauri. Manunuzi ya anasa ya zaidi ya dola 900 kwa mdai mmoja ndani ya siku 90 kabla ya kufungua huchukuliwa kuwa ya udanganyifu mpaka uthibitishe vinginevyo. Vivyo hivyo fedha taslimu za kadi zinazozidi dola 1,250 ndani ya siku 70. Ukishaamua kufungua, weka kadi kabatini.

Matunzo ya mtoto na ya mtalaka hayafutwi. Kodi ya mapato hufutika tu ikiwa imezeeka: muda wa kuwasilisha ulipita zaidi ya miaka 3, uliwasilisha zaidi ya miaka 2 iliyopita, na ilikadiriwa zaidi ya siku 240 zilizopita. Mkopo wa elimu unahitaji shauri la pekee la kuonyesha dhiki isiyo ya kawaida.

Na mdhamini wangu?

Chapter 7 inakulinda wewe tu. Mdai anaweza kumgeukia mdhamini siku inayofuata. Chapter 13 humlinda mdhamini wa deni la matumizi ya nyumbani wakati kesi inaendelea, kwa kiasi ambacho mpango wako unalilipa. Mwambie mwenyewe kabla barua haijamfikia.

Nimegundua nimemsahau mdai mmoja.

Rekebisha orodha kabla kesi haijafungwa. Ada ni dola 34, na mdai huyo umtumie taarifa. Katika Chapter 7 isiyo na mali, mahakama nyingi huliona deni la kawaida lililosahaulika kwa bahati mbaya kuwa limefutwa, lakini si zote, na la udanganyifu halimo. Chapter 13 haina huruma hiyo: deni la mdai asiyejua kesi halifutwi. Huko wadai wana siku 70 tangu kufunguliwa kwa kesi kuwasilisha madai yao, na ofisi za serikali siku 180. Kagua kila dai linaloingia, kwani kampuni zinazonunua madeni huwasilisha hata yale yaliyopitwa na muda wa kisheria, na usipopinga yatalipwa.

Madeni yamefutwa, lakini mtu mpya ananidai.

Huenda deni liliuzwa pamoja na mengine elfu. Tuma nakala ya amri ya kufuta madeni na ukurasa wa orodha wenye deni hilo, kwa barua iliyosajiliwa. Akiendelea, kesi inaweza kufunguliwa tena na mahakama kumwadhibu. Kwenye ripoti ya mikopo deni linatakiwa kusomeka salio sifuri. Kesi ya Chapter 7 inaweza kubaki humo miaka 10.

Rehani iliyokuwa juu ya nyumba au gari haiondoki kwa amri hiyo. Unachofutiwa ni wajibu wako wa kulipa, si haki ya mkopeshaji juu ya kitu chenyewe.

Ukipokea Fomu 1099-C inayodai kwamba deni lililosamehewa ni kipato chako, usiitupe wala usiilipie kodi. Deni lililofutwa katika kesi ya kufilisika si kipato. Ambatanisha Fomu 982 na taarifa yako ya kodi, weka alama kwenye kisanduku 1a, na uandike kiasi kwenye mstari wa 2.